Dungusi Juu ya Nontsizi

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji Phakamile kapiga simu. Jumamosi wanakuja kufunua jiwe la kaburi la dada yake, mke wangu Nontsizi. Kasema wakikuta madungusi, hii mimea minene ya miba, juu yake tena, wanafukua mifupa, wanamrudisha kwao. Hatanii! Basi nitabaki hapa peke yangu kabisa.

Dawa ya magugu hairuhusiwi, chemchemi ya kijiji iko hapo chini. Nontsizi aliyang'oa kwa mikono, na mizizi yake, akayakausha juu ya mwamba. Kazi ya mwezi! Mimi nimekatakata kwa panga. Nusu saa. Vipande nimetupa kwa jirani, MaDlomo. Kwisha!

Jumanne, 5 Machi
Vipande viko juu ya mwamba. Vyote. Vimepangwa mistari, miba juu, kama alivyokuwa akipanga yeye.

Nimemfokea MaDlomo. Kanionyesha mguu uliovimba. "Niruke ua na mguu huu, Bhele? Halafu wewe hukati, unapanda! Kila kipande kinatoa mzizi. Mkeo hakukwambia?"

Aliniambia. Kila siku.

Umande ulikuwa mzito. Hakuna alama ya mguu.

Jumatano, 6 Machi
Mbuzi! Nimeazima sita wa MaDlomo, ili wale mashina yaliyobaki.

Wamefika kaburini, wakasimama. Wote sita wanatazama sehemu moja, hewani, kimo cha mtu mfupi. Nontsizi alikuwa mfupi. Halafu wakatimkia bustanini. Maboga yangu yamekwisha.

Alhamisi, 7 Machi
Leo nimeng'oa kwa mikono. Shina moja. Mwiba kiganjani! Nikarudi nyumbani, nikakaa chini.

Nikasikia mtu anachimba nyuma ya zizi, kule kaburini. Kwa, kwa, kwa. Nimekwenda. Hakuna mtu. Shimo tu, udongo mbichi, na dungusi zima limelala pembeni na mzizi wake wote.

Nikageuka nikimbie. Lakini kazi inaendelea, niikatize ya nini? Nimeingia ndani, nimelala.

Ijumaa, 8 Machi
Kaburi safi! Hata mwiba mmoja hakuna. Nimesema ahsante kwa sauti. Upepo haukuwepo. Mlango ukajibamiza.

Jumamosi, 9 Machi
Wamekuja watu thelathini. Jiwe limefunuliwa. Phakamile kashika udongo, kaangua kilio. Kasema dada yake abaki hapa hapa, ana mume. Kauliza nani kanisaidia. Nikasema hakuna, mikono yangu miwili hii.

MaDlomo kaguna. "Mikono ipi, Bhele? Wewe hata maharage unasubiri yajichambue."

Nimemkomesha! Nimeahidi mbele ya watu kung'oa madungusi yote ya shamba lake, kufikia Jumatano. Kaweka dau la kondoo mnene.

Wageni walipoondoka nimempelekea Nontsizi jembe. Nimeliegemeza kwenye jiwe jipya. Nimemwelekeza aanzie upande wa juu wa shamba la MaDlomo, kule kumesongamana zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Nimeamka na jembe kitandani. Upande wake. Limefunikwa blanketi vizuri, mpini umejaa udongo na bado una joto. Makali yameelekea shingo yangu.

Nimekaa nalo muda mrefu. Chai imepoa. Anataka kusema kitu, hilo naliona.

Mwisho nimepitisha kidole kwenye makali. Butu! Maskini mke wangu, nani angeweza kufanya kazi na kitu kama hicho?

Nimelinoa mpaka linanyoa nywele za mkono. Nimelirudisha kaburini.