Rangi ya Gari ya Mama Soipan

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Jumamosi binti yangu Soipan anaolewa. Kanisa iko Kajiado. Anataka kupelekwa na gari ya marehemu mama yake Jane, ile alinunua na pesa ya biashara ya maziwa. Ilikuwa nyekundu. Jua ya Kitengela imeikula hadi imebaki rangi ya ufizi. Soipan ameizunguka mara mbili. Akasema, "Baba, mama nampenda. Lakini hii siwezi." Jirani Kahiga alikuwa kwa fensi. Ati gari yake iko tayari. Nani amemuuliza?

Jumanne, 12 Agosti
Nimepitia kwa Mugo wa kupaka magari rangi. Ameguza boneti, ametikisa kichwa kama daktari. Ati isuguliwe pole pole na dawa, wiki moja. Wiki sina. Na mimi mtu wa mjengo, nisugue pole pole? Nimechukua msasa ya mbao. Saa moja tu, boneti inang'ara. Kuangalia vizuri, ni bati inang'ara. Rangi imeisha.

Jumatano, 13 Agosti
Boneti nimefunika na blanketi. Soipan ameuliza. Nimesema gari inasikia baridi. Amenyamaza vile mama yake alikuwa ananyamaza. Afadhali angepiga kelele.

Alhamisi, 14 Agosti
Akili imekuja! Morani wa Kimaasai anapakwa olkaria, ule udongo nyekundu, na mafuta ya kondoo. Anapigwa na jua, bado anang'ara. Sasa gari ni nini? Nimeenda kwa shemeji Kuntai kuchukua. Ameuliza nani anatahiriwa. Nimebeba debe nikarudi. Nimepaka na mikono, boneti hadi buti. Kahiga amekuja kuangalia, akarudi kwake. Nimelala vizuri sana.

Ijumaa, 15 Agosti
Haikauki. Vumbi imeshika. Nzi pia. Mbuzi za Wayua wa duka zimelamba mlango mmoja ukaisha. Nimepaka ingine, nene. Soipan akatoka, akasimama hapo mbali, akaanza kulia. Ati iko vile ilikuwa siku mama aliileta. Nilitaka kumwambia asiiguze. Nilishindwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Ametoka na gauni nyeupe. Akaegemea mlango apigwe picha. Kugeuka, mgongo yote nyekundu. Mimi nikaangalia viatu. Nyanya yake Kakenya, ametoka Ewuaso Kedong na miaka yake themanini, akasema, "Sisi tukiolewa tulipakwa hivi. Sasa ndio anafanana na mtu anaolewa." Wamama wakaanza kuimba. Soipan akacheka hadi akashika tumbo. Mimi hakunicheka. Ameniambia, "Baba, fungua mlango. Nishapakwa, wacha niende na gari ya mama." Nimeendesha hadi Kajiado nikipangusa macho. Kumbe mikono nayo ni olkaria. Kwa picha zote za kanisa mimi ndiye morani mzee.

Jumapili, 17 Agosti
Kahiga amekuja asubuhi, amekasirika. Jana maharusi walirudi na gari yake, gauni imeacha viti zote nyekundu. Anataka kupeleka kwa fundi wa viti. Nimemwambia asisumbuke. Kwa mjengo tuko na asidi ya kuosha tiles, hakuna doa inashinda hiyo. Ameuliza kama nimewahi kuijaribu kwa kiti. Nimemwambia mara nyingi. Kesho naanza na ya dereva.