Wiki ya Baga za Kukunja

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji amekuja tena. Hakukaa. Watu wenye habari mbaya hawakai, husimama mlangoni wameshika mkoba. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma. Mtoto anakonda. Tangu mke wangu, dada yake, afariki, Kifungo hagusi chakula cha nyumba hii. Anakula kwa shemeji tu, ng'ambo ya barabara, na hata huko ni baga za kununua. Anataka ahamie kwake kabisa. Nikasema Kifungo ni binti yangu. Akasema ni mtoto wa dada yake pia. Tukatazama viatu wote wawili. Mwishowe tukapatana: mwisho Jumamosi. Akila nyumbani wiki hii, abaki. Asipokula, ahame, na mimi nisilete maneno.

Kifungo ni jina nililompa mwenyewe. Alipokuwa mdogo nilikuwa namkalisha kwenye sakafu ya duka la dobi, anapanga vifungo kwa rangi, ametulia kutwa nzima. Sasa ana miaka kumi na sita na anatulia vivyo hivyo. Ila ni chumbani, na mlango umefungwa.

Nimepiga magoti. Nimemweleza Mungu kwamba ninachojua kupika ni chai. Anajua, lakini si vibaya kukumbushana. Nilipoinuka nikawa na mpango! Mtoto anapenda baga. Basi nitampikia baga. Tena za kukunja. Mwenzangu wa meza ya pasi alinionyesha video mchana: mama mmoja anatandaza nyama ya kusaga juu ya tortila, ule mkate mwembamba wa duara, anakaanga, anaweka jibini na majani ya saladi, anakunja. Chakula cha jioni kwa mtu aliyechoka na kazi, anasema, hata mtoto anaweza. Kukunja! Mimi nimekunja mashati ya mji huu maisha yangu yote. Shemeji hajui kukunja hata leso. Mungu anisamehe kiburi.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua nyama, tortila, jibini la vipande, majani ya saladi, matango ya siki, mayonezi. Mwenye bucha akaniuliza kama nina wageni. Nikasema ninaye mmoja.

Kosa la kwanza: mkate niliuweka chini, nyama juu. Kumbe yule mama wa kwenye video anatanguliza nyama motoni, mkate unabaki mgongoni. Mkate wangu ukawa mkaa na nyama juu yake bado mbichi, nyekundu, inanitazama. Kosa la pili si langu, ni la pua. Dawa za kuondoa madoa ziliniua pua zamani. Sisikii harufu ya kitu chochote, iwe ya waridi au ya choo. Jirani wa chini ndiye aliyepanda kuniarifu kwamba naungua. Alikuja na ndoo ya maji, ameshaijaza, mkono uko tayari. Nilimzuia kwa maombi.

Kifungo akatoka chumbani. Akautazama moshi, akanitazama mimi, akanywa maji. Akasema anaenda kwa mama mdogo. Nikamwambia sawa, mama, uangalie magari. Nikasimama dirishani kumwona anavuka. Shemeji alifungua mlango kabla mtoto hajabisha. Yaani huwa anamsubiri pale pale!

Ile baga nimeila mimi ili isipotee. Kiti cha marehemu nimekigeuzia ukutani. Kilikuwa kinanihurumia.

Jumatano, 6 Machi

Nimetafakari kutwa nzima kazini. Shida ni kukandamiza. Nyama haikushikana na mkate kwa sababu haikukandamizwa. Na katika mtaa huu wote, ni nani anayejua kukandamiza kuliko mimi? Nimeazima pasi ya mvuke ya dukani. Kuazima maana yake ni kwamba mwenye duka hajui. Nimemwambia Mungu kwanza, yeye nitamwambia baadaye.

Nimetandaza nyama juu ya tortila, nikafunika kwa karatasi ya kuokea, nikapiga pasi. Mwanzo ilikwenda vizuri ajabu. Nyama ikalala kama kola ya shati jipya. Kisha kidole kikabonyeza mvuke. Sikukituma, kina mazoea yake. Nyama ikaruka. Kipande kimoja kiko darini hadi naandika haya.

Kifungo alitolewa chumbani na kelele. Akasimama mlangoni.

"Baba, unaipigia nyama pasi?"

Nikasema ndiyo, naanzia kwenye kola. Akacheka! Sijakisikia kicheko hicho tangu msiba. Ni cha mama yake kabisa, kinaanzia puani halafu kinamshinda mwenyewe. Akavuta kiti akaketi mezani. Mezani kwetu! Nikakaanga iliyobaki upesi, nikaomba dua ya chakula, na nikiwa katikati nikaona nafasi imepatikana. Nikamwomba Mungu atukumbushe kwamba nyumbani ni nyumbani. Kwamba barabara ile ina magari yasiyo na breki. Kwamba baga za kununua hazijulikani ni nyama ya nini. Kwamba baadhi ya ndugu wana nia njema lakini jiko lao halina upendo. Nilipofumbua macho mafuta yalikuwa yameganda kwenye sahani. Kifungo akasema dua yangu ina watu wengi sana ndani yake. Hakula. Lakini aliketi.

Alhamisi, 7 Machi

Pasi imenitia aibu. Shati jeupe la wakili mmoja limetoka na alama ya mafuta yenye umbo la pasi, mgongoni kabisa. Mwenye duka akalinusa, akauliza kama hicho ni kitunguu. Nikamjibu kwamba mimi sisikii harufu, na huo ni ukweli mtupu. Akanipa maneno ambayo daftari la mtu anayesali halipaswi kuyabeba. Nimelifua shati lile hadi kiuno kikalia.

Lakini jioni! Niandike polepole nisisahau. Nimerudi nikamkuta Kifungo jikoni. Ameitazama video mwenyewe. Akasema nyama inatangulia chini, moto uwe mkali, na kukandamiza ni kwa kitako cha sufuria ndogo, si kwa vitu vya umeme. Nikasema sawa, mama. Mafuta yakaanza kunirukia shatini. Akanitazama kidogo, akaingia chumbani kwake, akakawia, akatoka na aproni ya mama yake. Ile ya bluu yenye mfuko mbele. Sikujua anayo. Nilidhani iligawiwa pamoja na nguo nyingine. Akanivisha, akanifunga mwenyewe kwa nyuma, na kamba akaivuta sana kama alivyokuwa anaivuta marehemu. Na mimi nikasema, matango yako wapi. Ndivyo nilivyo.

Tukakaanga. Kingo za nyama zikakauka vizuri, jibini likayeyuka, yeye akapanga saladi na matango na kupaka mayonezi, mimi nikakunja. Ncha ndani, pande mbili juu yake, kama shati la kusafiria. Dua aliisema yeye, ikawa fupi. Akala moja. Akala na ya pili! Kisha akanisimulia kwamba mama yake alikuwa anaficha chupa ya matango nyuma ya unga ili nisiyamalize. Miaka yote hiyo mimi nikidhani yanaisha sokoni. Tukacheka, kisha tukanyamaza, lakini ulikuwa ukimya wa watu wawili. Si kama wa siku zote, mmoja huku na mmoja kule.

Sikuweza kujizuia. Nikampelekea shemeji moja kwenye sahani, kitambaa juu, ili aone kwa macho yake. Akaila amesimama mlangoni. Nilitegemea anune. Machozi yakamtoka. Akasema amefurahi, kweli amefurahi, na kwamba mtoto abaki kwetu, ndiyo dua yake. Huyu mwanamke! Hata ushindi wangu ananiharibia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka nimejaa shukrani, sijui niiweke wapi. Kifungo ameshaenda shule. Nikaiona aproni imetundikwa kwenye mlango wa chumba chake, na mafuta yangu yote kifuani. Mtoto anipe kitu cha mama yake, nami nimrudishie kikiwa hivyo? Nikaibeba kazini chini ya koti.

Nimeifanyia kazi ambayo sijaifanyia nguo ya bwana harusi yeyote. Dawa ya mafuta, maji ya moto, sabuni, suuza, suuza tena, wanga kidogo, pasi ndani na nje. Kulikuwa na doa la zamani mfukoni, la manjano, nadhani binzari. Hilo lilinibishia sana, lakini mimi ni dobi, likakubali. Hata kamba nimezinyoosha. Ikawa kama haijavaliwa na mtu. Nikaomba ruhusa, nikaiwahisha nyumbani, nikaitundika pale pale.

Kifungo aliporudi nilikuwa jikoni nakatakata kitunguu, nasubiri asante yangu. Nikachungulia. Ameifunika aproni usoni kwa mikono miwili, anavuta pumzi, anavuta tena, anahamia mfukoni, anahamia kwenye kamba. Kisha akaishusha.

"Umeifua."

Nikasema na pasi nimepiga. Akaingia ndani akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Baga zikawa mezani, zimekunjwa vizuri kuliko za jana. Hakutoka. Alimpigia simu mama yake mdogo, na shemeji akaja, akaingia chumbani, wakakaa. Alipotoka alinifuata jikoni. Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, kwamba mtoto alikuwa analala na ile aproni.

"Ilikuwa inanukia dada yangu, shemeji. Ndicho alichokuwa amebaki nacho."

Nimefikiri sana baada ya yeye kuondoka, na nimeelewa. Ni sabuni! Sabuni ya dukani ni ya bei rahisi, ina ukali, watu wote wanailalamikia. Nilipaswa kutumia ile nzuri ya maua. Nimemwomba Mungu msamaha kwa ubahili wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Amefungasha. Tulipatana sitaleta maneno, na sikuleta. Nilileta baga. Nilikaanga asubuhi, nikazifunga kwenye karatasi ya foili, za moto. Shemeji alikuwa kwenye ngazi anasubiri. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda. Alikuwa anamenya rangi ya ukuta kwa ukucha.

Kifungo akapokea kifurushi kwa mikono miwili. Nikaona anataka kusema kitu. Akauliza:

"Baba, wewe unakumbuka alikuwa ananukia vipi?"

Hapa niandike ukweli, maana hapa tupo mimi na Mungu. Sikumbuki. Pua yangu ilikufa mtoto akiwa bado anatambaa. Nilikuwa namuuliza marehemu mwenyewe. Nikirudi kazini namuuliza, leo unanukia nini, mke wangu, naye ananiambia. Leo kitunguu. Leo iliki. Leo mafuta ya nywele ya Kifungo. Leo sinukii kitu, nimechoka. Kila jioni, hadi hospitalini. Hadi siku aliponiambia nisimuulize leo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nanusa, kwa mdomo wake.

Hayo sikumwambia mtoto. Nilimwambia alinukia vizuri sana, kisha nikamuuliza kama nimwongezee matango.

Akasema hapana, asante, Baba.

Sanduku nimelibeba mimi. Barabara ni nyembamba ile, lakini leo ilikuwa na upana wake.

Jumapili, 10 Machi

Nimetoka ibadani na moyo mwepesi. Mahubiri yalikuwa ya subira. Tena kuna habari njema: nimekutana na shemeji mlangoni pa kuingilia, akasema Kifungo alikula baga moja jana usiku, imepoa hivyo hivyo, hakutaka ipashwe moto. Moja! Na ilikuwa imepoa! Fikiria zingekuwa za moto.

Akasema pia kwamba Kifungo atapita jioni, kuna kitu amesahau chumbani. Akanisisitizia nisiguse chumba. Nimeelewa. Mtoto anaona haya, ameacha vumbi. Basi nikaingia na ufagio nimsitiri kabla hajaja.

Chini ya godoro nimekuta mfuko wa plastiki umefungwa kwa utepe, umezungushwa na kuzungushwa, hewa isipite. Nilihangaika nao kwa kisu. Ndani ni sweta ya marehemu, ile ya sufu ya kijivu aliyokuwa anaivaa siku za baridi na akiwa mgonjwa. Maskini Kifungo wangu. Ameikuta chafu, hajui nguo za sufu zinafuliwaje, ameona aibu kuniomba baada ya mambo ya Ijumaa. Kwenye mikono ilikuwa imefifia, na shingoni kuna unywele wake mmoja. Nimeutoa, nimeuweka ndani ya daftari hili.

Safari hii sijarudia kosa. Nimekwenda kununua sabuni ya maua, ile ghali kabisa. Maji ya vuguvugu, bila kusugua, kama mtu anavyomwogesha mtoto mchanga. Nimesuuza hadi maji yakawa meupe. Sasa nimeitandaza juu ya taulo karibu na dirisha, inapendeza.

Na mpango wenyewe ndio huu, nao ni mzuri kuliko yote ya wiki hii. Sufu haikauki upesi. Akija kuichukua, itabidi asubiri. Akisubiri ataketi, na akiketi atakula. Nyama nimeshaitandaza. Namsikia anapanda ngazi.