Chipu ya Setilaiti na Kikohozi cha Mbale

Jumatatu, 3 Machi 1997. Nalufenya, Jinja.
Redio imesema wataalamu wa ng'ambo wanahangaika. Huko juu kwenye setilaiti kuna miale inayovuruga maneno yaliyoandikwa ndani ya chipu. Fundi hawezi kupanda kutengeneza! Wanataka chipu inayoweza kustahimili miale na kuandikwa upya watu wakiwa huku chini. Dawa ninayo: kuipaka chipu nta ya nyuki na majivu. Nikisifika, mke wangu Nabifo atarudi. Alikwenda kwao Mbale baada ya mimi kuchemsha chipu katika sufuria yake ya mchuzi. Nyumba imepoa mno.

Jumanne, 4 Machi.
Lalit, mwenye duka la kompyuta, amecheka mpaka akakaa. Kasema chipu hutengenezwa mahali pasipo vumbi, si penye kuku. Wivu! Hata hivyo amenipa chipu kuukuu, akauliza mashine yake iandike nini ndani. Nikajikuta nimesema: NABIFO RUDI NYUMBANI. Hapo hakucheka. Kauliza kwa nini nisiende kumwambia mwenyewe. Nikamjibu, bwana, hii ni sayansi.

Alhamisi, 6 Machi. Mbale.
Miale nitaipata wapi? Eksirei ya hospitali ya Mbale! Kwamba Nabifo siku hizi ni nesi katika hospitali hiyo ni sadfa tu. Nimeipaka chipu nta na majivu, nikaibandika kifuani chini ya fulana, nikaanza kukohoa.

Balaa: mama mkwe huyo, analeta chakula cha binti yake! Kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe. Nikageukia ukuta, nikajifunika koti kichwani. Daktari akaona mtu anakoholea ukuta, akadhani nakata roho, akaniingiza chumba cha eksirei kabla ya wote waliokuwa foleni. Bahati ya mtende!

Picha ikatoka. Karibu na moyo kuna kitu chenye miguu, kama tandu. Daktari akaita wenzake. Nabifo akaja, akaitazama picha, akanitazama mimi, akalia. Kasema atanirudisha nyumbani aniuguze. Nilitaka kukiri, naapa. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Machi. Jinja.
Nabifo kanikorogea uji, halafu kanyoosha mkono: lete chipu. Alijua tangu alipoiona picha. Chipu zenye miguu ile amekuwa akizitoa kitandani mwetu miaka yote. Nikauliza, sasa alilia nini? Kasema wanaume wengine huenda na kuku kwa baba mkwe wakaomba radhi. Wake ameona rahisi kujifanya mgonjwa. Nikamwambia wazi kwamba nimemkumbuka sana, hata kelele zake. Tukalia wote.

Tukaenda kwa Lalit. Mashine ikasoma: NABIFO RUDI NYUMBANI. Hakuna herufi iliyopotea! Nabifo akamwomba aiweke chini ya taa yake ya kufutia maneno ya chipu, kisha aandike: NIMERUDI. Lalit akashughulika kupangusa miwani. Nimeapa mbele yao: uongo basi.

Jumatatu, 10 Machi.
Lalit anauliza kama chipu yangu itavumilia mtikisiko wa roketi. Maskini, hajui kwamba mashine ya kusagia mahindi ya kijijini Budondo hutikisika hadi ukuta unalia. Nimemwambia Nabifo kwamba mjomba wangu wa Budondo ni mgonjwa sana. Sura ya huzuni nimeiweka vizuri kabisa.

Amenifungia viazi vya njiani. Kasema nimsalimie mjomba, na chipu niifunge kitambaa isiingiwe na unga. Sijui amejuaje.