Tofali la Kula Moshi

Mhandisi alikuwa akipita njia yake alipoona karatasi yenye mhuri imebandikwa kwenye mlango wa tanuri la mikate. Watu wengine husimama kusoma matangazo ya kazi. Yeye husimama kusoma shida za watu. Karatasi ilisema kwamba ikifika Ijumaa moshi haujapungua, tanuri litafungwa. Alitazama juu. Bomba lilikuwa likitapika moshi mzito juu ya kamba ya majirani, na shati moja lililoanikwa jeupe lilikuwa tayari la kijivu.

Alishusha pumzi ya shukrani. Jina la Mhandisi alijipa mwenyewe, kwa kuwa hakutokea mtu wa kumpa, na siku hiyo alihitaji gari haraka. Mwenye hoteli mmoja, ambaye Mhandisi alimuuzia rangi isiyolowa, alikuwa akimtafuta mtaa kwa mtaa tangu mvua ya kwanza iliposhuka na ile rangi ikashuka nayo. Na nyuma ya tanuri, chini ya turubai, lilikuwapo gari la kusambazia mikate.

Kazi yake ilimchukua siku mbili. Alitafuta tofali la udongo lenye matundu mengi. Alipasua betri kuukuu za tochi akatoa ule unga mweusi wa ndani. Akaokota waya za shaba za mota iliyoungua, akazichoma mpaka zikatoa magamba meusi, akayatwanga, akachanganya vyote na uji wa udongo wa mfinyanzi, akalipaka tofali ndani ya matundu na kulikausha motoni. Kwa nini vitu hivyo? Kwa sababu ni vyeusi, na weusi una heshima. Maneno ya kusindikiza aliyapata kwenye kitabu cha kemia cha mpwa wake, ukurasa mmoja tu, aliousoma akisubiri chai ipoe.

Mwenye tanuri, mwanamke mtu mzima ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, alimsikiliza huku akikanda unga. Mhandisi alimweleza kwamba moshi ni kitu kilichokatishwa kabla hakijamaliza kuungua, na kwamba oksidi ya manganizi, yaani ule unga wa betri, na ya shaba, yale magamba, zinaumalizia safari. Yeye mwenyewe hakuamini hata neno moja, ndiyo maana alilisema vizuri.

"Na hizo oksidi zenyewe haziishi?" aliuliza mama.

"Haziishi, mama. Kichocheo ni kama mshenga. Anaunganisha watu wawili, wao wanaoana, yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja."

Mama Mikate alitabasamu kidogo. "Na huyu mshenga anataka joto?"

"Joto la kutosha."

"Basi tusimweke kule juu ya bomba, atapata baridi. Akae hapa chini, karibu na moto."

Mhandisi alikubali, kwa sababu tapeli mwenye adabu habishani na mteja. Kuhusu malipo, mama alisema hana kitu ila lile gari, lakini anataka na karatasi: jinsi tofali linavyotengenezwa, na ruhusa ya yeye peke yake kutengeneza na kuuza. Likivunjika, alisema, mwanangu nitakupata wapi?

Hapo Mhandisi alicheka moyoni. Kwa miaka yote alijiwekea sheria ya kutoacha saini popote, lakini alikuwa hajawahi kuuza upepo mmoja mara mbili, kwanza tofali kisha karatasi yake, na tamaa ilimshika mkono ulioshika kalamu. Alikuwa na sheria nyingine pia, kwamba uongo wa kutunga husumbua kukumbuka. Kwa hiyo aliandika ukweli mtupu: betri, shaba, udongo, kipimo kwa kipimo. Akasaini kwa mkunjo mzuri.

Alitaka kuondoka kabla moto haujawashwa, ila mama alimshikilia anywe chai kwanza. Moto uliwaka. Moshi ukatoka mweusi kama kawaida, na Mhandisi akausogelea mlango wa gari akiwa bado na kikombe. Kisha tofali likashika joto. Moshi ukawa wa kijivu, ukawa mwembamba, na mwishowe juu ya bomba pakabaki hewa inayocheza tu. Mhandisi alijiona kama mtu aliyedanganya kwamba mvua itanyesha, akalowa.

Aliendesha akijitukana. Amefanya kazi ya uongo tangu ujana, na siku moja tu aliyouza kitu cha kweli, amekiuza kwa bei ya uongo. Hakuona wingu jeusi lililokuwa likimfuata mpaka afisa wa mazingira, yuleyule aliyebandika karatasi mlangoni pa tanuri, alipomfikia kwa pikipiki na kumsimamisha njia panda. Moshi wa gari lake ulikuwa umeufunika mtaa.

Afisa alichukua ufunguo, akasema atamrudishia akifunga tofali la kula moshi.

"Linapatikana wapi, mkubwa?" Mhandisi aliuliza, ingawa jibu alishalijua.

"Kwenye tanuri la mikate. Nimetoka kulikagua sasa hivi. Wana mpaka karatasi, imesainiwa na mhandisi."

Alirudi kwa miguu, akafika jua likishuka. Watu walikuwa wameshapanga mstari: wa jenereta, wa matanuri, wa malori. Mama Mikate alimpokea kana kwamba alikuwa ameiacha tu chai yake ikipoa.

"Ulijua, mama," alisema Mhandisi.

"Nilifagia maabara ya chuo miaka ishirini na miwili, mwanangu. Walimu walikuwa wakifundisha kwa sauti kubwa. Ila vipimo vya kuchanganya sikuwahi kuvisikia vizuri." Akampa aproni. "Nitengenezee matofali arobaini. La arobaini na moja ni lako."

Mhandisi alivua koti, akaivaa aproni, akainama kwenye betri. Aliponyanyua kichwa, mbele yake alisimama mwenye hoteli, yule wa rangi, amekuja kununua tofali la jenereta lake.

"Hiki kitu kinafanya kazi?" aliuliza mwenye hoteli, polepole.

"Kinafanya," alisema Mhandisi, na lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kumwambia mteja.

Mwenye hoteli aliutazama uso huo kwa makini, akamshika ukosi asije akapotea, kisha akageuka kumuuliza mama swali lilelile.