Ombi la Kuandikishwa Kuwa Kiwavi

Muaither, Doha

Kwa Bwana Faraji,
Msimamizi wa Walinzi.

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, tunajikuna tu. Nakuandikia kwa adabu zote kuhusu viwavi walioingia na mialoni ya Madamu mwenye nyumba, ile miti ya Ulaya iliyopandwa kwenye mapipa ukumbini.

1. Walipoonekana, niliitwa kutoka getini nikawatambue, kwa kuwa Mkenya lazima ajue wadudu. Mimi mtoto wa mkulima wa mahindi, Kitale, nikasema bila kusita: viwavijeshi. Nikawatilia majivu, kama tufanyavyo nyumbani. Majivu yakaishia kwenye zulia, nami nikaishia na barua ya onyo.

2. Viwavi hawa wameingia Qatar bila viza wala kafili wa kuwadhamini, na wanapigwa kiyoyozi mchana kutwa ili mti usinyauke. Cha chumba chetu, mimi na Harun dereva, kilikufa tangu Ramadhani. Tumeomba kitengenezwe mpaka tumeona haya.

3. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu wameagiziwa mtaalamu kwa ndege, aje awajue jina, ukoo na chakula wapendacho. Mimi nina mwaka wa tatu hapa na bado naitwa Geti. Inaniuma, Bwana Faraji, sitakuficha.

4. Manyoya yao yanawasha. Madamu alijikuna mara moja, daktari akaja. Nilipojikuna mimi, niliambiwa naharibu sura ya nyumba.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mimi na Harun tuandikishwe kuwa viwavi. Pipa moja linatutosha. Majani hatutagusa, labda yawe sukuma wiki.

Nisalimie Carolyne wa ofisini, wapishi, na yeyote atakayeuliza habari zangu.

Wako mtiifu,
Wanjohi

N.B. Ombi nalifuta. Mtaalamu ameona kiota cha nyuzi na jinsi wanavyoandamana, akasema ni viwavi wa mialoni, wadudu hatari. Kisha akaingia chumbani kwetu kunawa mikono. Alitoka jasho likimtiririka, akamwambia Madamu kwamba kwa joto lile hakuna kiwavi atakayepona. Basi matawi yote yenye viwavi yamekatwa, yameletwa chumbani kwetu wafie humo. Fundi naye amefika hatimaye, ila si wa kiyoyozi. Anaziba dirisha, wasitoroke.