Kamera Yangu na Mlango wa Zaitun

Jumatatu, 12 Mei 2025

Asubuhi viti vitupu. Watu wa bodaboda hawakuja chai, hata mmoja. Na hao ndio hoteli yangu! Wakinihama, nafunga nirudi Mwanda kulima kabichi na mama mkwe. Mama mkwe ananipenda sana, hasa nikiwa huku Voi.

Kuna mtu anawapeleka kwa Zaitun, mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara. Nataka jina la huyo msaliti.

Kamera iko dirishani tangu wiki jana, kwa tahadhari tu, inaangalia mlango wa Zaitun. Kompyuta ni ile Sylus, mtoto wa dada yangu, aliniwekea mfumo wa Linux, ati ni ya bure na haishiki virusi. Nimeifundisha sura za wateja, na yangu ya kujaribia, kwa picha za WhatsApp. Lakini polepole! Mtu anaingia kwa Zaitun, anakula, anatoka, anaoa, ndio inasema: huyu nadhani ni Mutinda.

Sylus akaniagizia kidude cha kuchomeka cha kuongeza kasi. Kimefika leo. Nimechomeka. Kimya. Kumbe kinataka draiva, programu ya kuambia kompyuta kwamba kidude kipo. Yaani kimeingia ndani na kompyuta haijui! Kama bwanangu na kazi za nyumbani.

Jumanne, 13 Mei

Nimeandika amri za Sylus. Ikataka password. Naandika, hakuna kitu. Hata nukta! Kibodi imekufa. Nimeipiga, nimeipangusa unga, nimeipumzisha juani. Wapi!

Fundi wa karibu ni Alwi. Alwi ni nani? Kaka yake Zaitun! Meza yake iko wapi? Ndani kwa Zaitun! Nimevuka na kibodi kwapani kama mtu anaenda kortini. Alwi akacheka, akasema, Mama Sharon, kibodi ni nzima, Linux inaficha password ukiandika, wewe endelea tu. Basi si ingesema!

Zaitun naye akasema mtu haingii kwake akatoka na kinywa kikavu, ni aibu. Nikala mahamri na mbaazi. Kwa heshima tu. Heshima ilikuwa na nazi nyingi.

Jumatano, 14 Mei

Draiva imeingia! Kila ikiuliza, nimeitikia ndio, kama bibi harusi. Mwisho ikataka nizime niwashe. Nimezima, nimewasha. Hakuna. Tena. Hakuna!

Kwa Alwi. Akauliza nilizima kwa kitufe gani. Nikasema, kitufe cha chini ya kioo. Akashika kichwa. Kumbe nimezima kioo tu, kompyuta yenyewe iko macho tangu jana. Obadiah wa bodaboda alikuwa meza ya pili, akacheka hadi chai ikamtoka puani. Nimemsamehe, yeye ni mfuasi tu. Natafuta kiongozi.

Mahamri tena. Ningekataaje?

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi kidude kikawaka, sura zikatambuliwa chapchap. Nikaimba! Alwi alikuwa amenionya nisikubali apdeti bila kumuuliza. Lakini alama nyekundu ilikuwa inaniangalia. Nikabonyeza. Moyo wa Linux ukabadilika, draiva ya jana haiujui moyo mpya. Kimya tena.

Nimebeba kompyuta nzima hadi kwa Alwi. Zaitun alikuwa ameshamimina chai. Ati, Mama Sharon, kiti chako hicho, nimewakataza watu wasikikalie. Kiti changu! Dharau gani hii? Nimekikalia.

Ijumaa, 16 Mei

Imeshika! Kutwa nzima imehesabu picha za wiki yote, na hotelini kwangu nzi peke yake. Jioni nimeita Mutinda, mwenyekiti wa bodaboda, aone ushahidi. Nimebonyeza. Aliyeingia kwa Zaitun kushinda wote wiki hii: mimi. Na picha. Hamri mdomoni.

Mutinda akacheka hadi akakaa chini. Akasema, mama, tumekufuata wewe! Tukaona mwenye hoteli anavuka barabara kila siku kula kwa jirani, tukaulizana hiyo chai yake ina nini hata yeye anaikimbia. Nikamuuliza, na Jumatatu? Akasema Jumatatu wote walikuwa Rukanga kumzika nyanya yake Obadiah.

Mazishi yalinipita! Mimi! Nilikuwa nachomeka kidude.

Akaniambia niache hayo mambo. Kesho asubuhi watapita. Wakinikuta kwangu nakunywa chai yangu mwenyewe, wanarudi wote. Rahisi hivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefikiria sana. Kosa si langu, ni la kamera kuwa moja. Nimenunua ya pili, inaenda stejini kwa bodaboda, nijue nani anamzika nani. Kompyuta inakataa kuiona, pengine inataka draiva yake. Alwi ako saa hii tu, kisha anaenda Mombasa. Nimefunga hoteli kidogo, nimepitia mlango wa nyuma nisionekane. Naandikia hapa kwa Zaitun. Leo kuna viazi vya karai.

Ala! Mutinda ameingia na kikosi kizima. Hao! Wasaliti wangu, nimewashika kwa macho yangu mawili! Anauliza mbona kwangu kuna kufuli, wamengoja nje hadi wakachoka. Nimemwambia aniache, haoni niko kazini?