Mzizi wa Mulgere na Ng'ombe wa Mama Uwimbabazi

Raia wote wa Kitshanga walijulishwa kwa furaha kubwa kwamba Ofisi ya Mifugo imegundua kitenzi cha Kilatini, mulgere, maana yake kukamua, ambacho mzizi wake, melg, una umri wa maelfu ya miaka. Wagiriki waliurithi, Wajerumani waliurithi, na mpaka leo wanakunywa maziwa. Papa Callixte, chef, yaani mkuu, wa ofisi hiyo, aliyewahi kuonja seminari kidogo, alifafanua kisayansi: mzizi umewatangulia ng'ombe wote wa Masisi, na mdogo humtii mkubwa. Ng'ombe akitamkiwa melg, maziwa yatashuka yenyewe.

Kwa majaribio akakamatwa ng'ombe wa Mama Uwimbabazi. Mama alikuwa na huyo mmoja tu.

Mama alijaribu kueleza. Ndama alikufa kwa mvua, na tangu hapo ng'ombe hashushi maziwa mpaka alambe ngozi ya mtoto wake iliyotandikwa juu ya kijiti, kama wafugaji wa milimani wanavyofanya siku zote. Asipokamuliwa, kiwele kitakauka, na nyumba nzima itakula bugali na chumvi. Callixte alimjibu kwa upole kwamba ngozi haina etimolojia. Eh, Mungu wangu! Mama akaenda kuleta ngozi na kijiti, akakaa langoni pa ofisi na hasira yake.

Kesho yake Inspekta Sébastien akafika toka Goma, ripoti ya mafanikio ikiwa imekwisha kuandikwa. Callixte akainamia sikio la ng'ombe, akatamka melg. Ng'ombe akatafuna. Akarudia kwa sauti ya misa. Ng'ombe akakojoa. Kamati ya majaribio, iliyosimama kando na daftari, ikaandika kwamba kimiminika kimeanza kupatikana.

Inspekta akatazama saa yake, akamwita Mama.

"Mama, hii ng'ombe inaomba nini?"

"Inaomba mutoto yake, Papa. Muntu avae hii ngozi, apige magoti mbele yake."

Kijiti kilikuwa nyuma ya Mama, kimeegemea ukuta. Hakukigeukia.

Kwa kuwa ripoti haiwezi kusema uongo, Inspekta akamteua mwenye nadharia. Callixte akapiga magoti na kravati yake shingoni, ngozi mgongoni, akalambwa toka kidevu mpaka kipara. Maziwa yakashuka, Mama akaanza kukamua. Inspekta akanywa vikombe viwili, akatangaza kwamba mzizi umeonekana, na kwamba ng'ombe atarudi kwa mwenyewe pamoja na Callixte, mzizi wake, asubuhi na jioni, mpaka pensheni.

Callixte akaomba ruhusa ya kupanguza uso.

"Ngoja kwanza, Papa Chef," Mama akasema akiendelea kukamua. "Titi tatu iko bado."